Kopo la Majani Halichukui Nafasi ya Kivuli

Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi mvua za masika zitakapokolea, mifugo ya mikoa ya Pwani huingia katika kipindi kigumu. Ng'ombe wa maziwa hupunguza maziwa katika muda wa siku chache. Kuku wa mayai hutaga mayai yenye maganda membamba, ambayo huvunjika kabla ya kufika sokoni. Mtamba aliyehimilishwa kwa gharama hashiki mimba, na mwenyewe hulazimika kumwita mhimilishaji mara ya pili na ya tatu.

Wenye mifugo hiyo si wafugaji wakubwa peke yao. Katika miaka ya 1980, mishahara ilipozidiwa na bei za vitu, watumishi wa serikali na walimu wengi wa Dar es Salaam na miji mingine walijenga mabanda nyuma ya nyumba zao, na desturi hiyo haijafa. Kwao ng'ombe mmoja chotara au kuku mia mbili ni karo za watoto na marejesho ya mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Lita mbili zikipotea kila siku kwa miezi mitatu, hesabu yake ni lita 180, na mkopo hausubiri hali ya hewa.

Si ajabu basi kwamba maduka ya pembejeo yamejaa makopo na chupa za viongeza lishe vinavyosemwa kuwa vimetokana na mimea, na kwamba vinamwezesha mnyama kustahimili joto. Kuna wanaoviamini kama dawa ya kila kitu, na kuna wanaovicheka kama maji ya waganga. Pande zote mbili zinakosea, na kosa la kila upande lina gharama. Ili kulielewa jambo hili, hapana budi kwanza kueleza joto linamfanya nini mnyama.

Ng'ombe ni tanuri linalotembea. Majani aliyokula huchachuka katika tumbo lake la kwanza, na uchachukaji huo hutoa joto usiku na mchana. Kadiri chakula kilivyo kigumu na chenye nyuzi nyingi, ndivyo joto la kukimeng'enya linavyozidi. Ng'ombe anayetoa maziwa mengi hula zaidi, na kwa hiyo hubeba moto mkubwa zaidi ndani yake. Joto hilo linapaswa kutoka kwa njia ya ngozi na pumzi. Hewa ikiwa na joto na pia imejaa unyevu, kama ilivyo Tanga, Dar es Salaam au Lindi mwezi Februari, jasho halikauki na pumzi haipozi. Hapo mnyama huacha kula, maana kula ni kuongeza kuni.

Wataalamu hutumia kipimo kinachounganisha joto na unyevu wa hewa. Kwa muda mrefu imekubaliwa kwamba ng'ombe wa maziwa wa asili ya Ulaya huanza kuathirika kipimo hicho kinapofika 72, na siku hizi, kwa ng'ombe wanaotoa maziwa mengi zaidi, hutajwa 68. Joto la nyuzi 25 za sentigredi pamoja na unyevu wa asilimia 50 hutoa karibu 72. Joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70, hali ya kawaida kabisa katika mchana wa Pwani, hutoa kiasi cha 81. Maana yake ni kwamba ng'ombe wa Friziani aliyefungwa kwenye banda la Pwani hutaabika kwa sehemu kubwa ya mwaka, si siku zile tu ambazo mwenyewe anajipepea kwa gazeti.

Yapo mengine yasiyoonekana kwa macho. Mnyama mwenye joto hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili ipoe, na utumbo hupata damu pungufu. Ukuta wa utumbo hudhoofika, na sumu za bakteria zilizokuwa zimezuiliwa humo hupenya na kuingia mwilini. Mwili hulazimika kutumia nguvu kupambana nazo, nguvu ambazo zingetengeneza maziwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walichapisha matokeo ya kulinganisha ng'ombe walioathiriwa na joto na wenzao waliokaa mahali pa baridi wakipewa kiasi kile kile kidogo cha chakula. Ilidhihirika kwamba kupungua kwa chakula hakuelezi hata nusu ya maziwa yaliyopotea. Sehemu iliyobaki ilitokana na mabadiliko ya ndani ya mwili.

Kuku ana shida yake. Hana tezi za jasho, na mwili wake kwa kawaida huwa na joto la nyuzi 41 hivi. Njia yake kuu ya kujipoza ni kuhema kwa mdomo wazi. Akihema sana hupoteza hewa ya ukaa iliyomo katika damu, na hewa hiyo ndiyo inayohitajika katika kutengeneza ganda la yai. Mwenye kuku anayeongeza chokaa kwenye chakula na kushangaa kwamba maganda bado ni membamba, aghalabu anatibu ugonjwa usiokuwepo.

Sasa, mimea inaingilia wapi? Baadhi ya mimea ina kemikali zinazopunguza madhara ya joto ndani ya chembe hai za mwili. Manjano, tangawizi, habasoda na majani ya mlonge ni miongoni mwao. Pilipili hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi na humfanya mnyama anywe maji zaidi. Betaini, kitu kinachopatikana kwa wingi katika viazisukari, mmea wa sukari wa nchi za baridi, husaidia chembe za mwili kushikilia maji yake. Hayo si maneno ya waganga, bali ni mambo yaliyochunguzwa katika maabara na mabandani. Uchunguzi wenyewe uliongezeka baada ya Umoja wa Ulaya kupiga marufuku, kuanzia tarehe 1 Januari 2006, matumizi ya viuavijasumu kama vichocheo vya kukuzia mifugo. Viwanda vilivyokuwa vikiuza dawa hizo vilitafuta bidhaa za kushika nafasi yake, na mimea ikawa mojawapo ya majibu.

Lakini matokeo ya majaribio hayo hayafanani. Mengine yameonyesha maziwa au mayai kuongezeka kwa kiasi cha kutia moyo, na mengine hayakuona tofauti yoyote. Sababu moja ni kwamba mmea si kidonge. Nguvu yake hubadilika kwa udongo, kwa msimu wa kuvuna na kwa jinsi ulivyokaushwa. Sababu nyingine ni kwamba mengi ya majaribio hayo hufanywa kwa mifugo ambayo tayari ina kivuli, maji safi muda wote na chakula kilichopimwa. Kinachoongezwa hapo ni tone la mwisho katika kikombe kilichokwisha kujaa. Mfugaji wa Mbagala anayelimimina tone hilo katika kikombe kitupu asitarajie kukiona kimejaa.

Hapa ndipo upotoshaji unapoanza. Kopo linauzwa kana kwamba lingeweza kushika nafasi ya kivuli. Haliwezi. Mwezi Juni mwaka 2022, katika jimbo la Kansas, Marekani, joto na unyevu viliua ng'ombe wa nyama wasiopungua 2,000 kwa siku chache tu, katika nchi isiyopungukiwa na viongeza lishe wala madaktari wa mifugo. Pale upepo ulipokoma na usiku ukakataa kupoa, miili ya wanyama ilishindwa kutoa joto ililolikusanya mchana.

Mambo ya kwanza yanajulikana. Kivuli kizuri hupunguza theluthi moja au zaidi ya joto la jua linalompata mnyama. Paa la mabati lililowekwa chini sana hugeuka kuwa kikaango. Linapaswa kuinuliwa mita tatu au zaidi, na katika mikoa ambako minazi ipo, makuti juu ya mabati hayo ni tiba rahisi kuliko chupa yoyote. Ukuta wa tofali uliozibwa pande zote kwa kuogopa wezi huzuia upepo, na hapo mwenye banda hana budi kuamua kati ya wavu imara na maziwa. Ng'ombe chotara anayekamuliwa huhitaji kati ya lita 60 na 100 za maji kwa siku, kutegemea ukubwa wake, maziwa yake na hali ya hewa. Ndoo mbili za asubuhi ambazo mtoto wa nyumbani huzileta kabla ya kwenda shule hazifiki hata lita 50. Chakula kigumu kinafaa kutolewa jioni na alfajiri, ili moto wa tumboni uwake wakati hewa imepoa. Kuku hali kadhalika: chakula kiondolewe saa za jua kali na kirudishwe jua linapoteremka.

Taifa hili limekwisha kulijua hilo kwa vitendo. Katika mipango ya kukopesha mitamba iliyoenea Tanga, Kilimanjaro na Kagera katika miaka ya 1980, mwananchi hakupewa ng'ombe kwanza. Alipewa mafunzo, akapanda malisho, akajenga banda likakaguliwa, ndipo mtamba akaletwa. Mkoani Tanga, ambako mpango wa maendeleo ya maziwa ulianza mwaka 1985 kwa ushirikiano wa Tanzania na Uholanzi, utaratibu huo ulikuwa na maana ya pekee, kwa kuwa hali ya hewa ya huko haimsamehe ng'ombe mwenye damu ya Ulaya aliyeletwa kwenye nyumba isiyokuwa tayari. Waliolalamika wakati ule kwamba masharti yalikuwa mengi wangeweza leo kuulizwa ng'ombe wao wangenusurika vipi bila hayo.

Upo pia mfano wa zamani zaidi. Mpwapwa, katika mkoa wa Dodoma, wataalamu walichanganya ng'ombe wa kienyeji na Borani pamoja na Sahiwal na Sindi wekundu kutoka Bara la Hindi, wakatia na damu kidogo ya Ulaya, na mwaka 1958 ng'ombe wa Mpwapwa akatambuliwa kuwa aina inayojitegemea. Hamshindi Friziani kwa ndoo. Lakini wahenga wake wa nundu walikuwa na ngozi legelege, nywele fupi na mwili usiozalisha joto jingi, na urithi huo hufanya kazi bila kununuliwa kila mwezi. Mtumishi anayekusudia kununua ng'ombe kwa fedha za mkopo, na anayeishi mahali pa joto, angefaa kuuliza habari za damu ya mnyama kabla ya kuuliza idadi ya lita.

Baada ya kivuli, maji, saa za kulisha na damu ya mnyama, ndipo zamu ya mimea inapofika, na hapo tena inafaa kuanza na iliyopo nyumbani. Majani makavu ya mlonge yana protini ya kiasi cha robo ya uzito wake. Yakaushwe kivulini, kwa sababu jua kali huharibu vitamini zile zile zinazotafutwa. Mlusina, unaoitwa pia lukina, nao una protini nyingi, na majani yake ni laini kumeng'enywa kuliko mabingobingo yaliyozeeka. Lakini una sumu iitwayo mimosini, na kwa sababu hiyo usizidi theluthi moja ya chakula cha ng'ombe, na kwa kuku utolewe kidogo sana. Majani ya muhogo yanyaushwe au yakaushwe kwanza, kwani mabichi yana sumu. Kitunguu saumu hutia harufu maziwa, na mteja wa mtindi hatakubali maelezo ya kitaalamu.

Mashudu ya alizeti kutoka vinu vidogo vya Singida na Dodoma yana faida ambayo haisemwi vya kutosha. Vinu hivyo huacha mafuta kiasi katika mashudu, na mafuta humpa mnyama nguvu bila kuleta joto kubwa la kumeng'enya kama linaloletwa na majani magumu. Yasizidishwe tu, maana mafuta mengi huua wadudu wema wa tumboni. Molasi kutoka viwanda vya sukari vya Kilombero, Mtibwa na Moshi ina potasiamu nyingi, madini ambayo ng'ombe hupoteza kwa jasho. Hizi nazo ni nyongeza za mimea, ingawa hazikuchapwa picha ya jani la kijani juu ya kopo.

Jambo jingine linaloudhi kidogo ni hili. Miongoni mwa viungo vinavyotajwa mara nyingi katika makopo yanayotoka nje ni kemikali itokanayo na karafuu, nyingine ya mdalasini, na nyingine ya pilipili. Karafuu ni zao la Pemba. Mdalasini na pilipili manga hustawi katika milima ya Amani, wilayani Muheza. Tangawizi hulimwa Same. Nchi inayouza viungo kwa gunia na kuvinunua tena kwa gramu ina kazi ya kufanya katika vituo vyake vya utafiti. Taasisi ya Utafiti wa Mifugo na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, vina wataalamu wanaoweza kupima viungo hivyo kwa ng'ombe chotara wa Tanga katika mwezi wa Februari, badala ya taifa kutegemea majibu yaliyopatikana kwa ng'ombe wa nchi nyingine, wenye mabanda mengine. Kinachohitajika ni fungu la fedha, na mafungu hayo huandikwa na watumishi wa serikali.

Watumishi hao hao ndio wanaosimamia sheria. Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo, Namba 13 ya mwaka 2010, ilitungwa ili vyakula vya mifugo vinavyotengenezwa, kuingizwa nchini na kuuzwa viwe na ubora unaojulikana. Kopo lisiloonyesha kiasi cha kila kiungo, kipimo cha kumpa mnyama na tarehe ya mwisho wa matumizi halistahili kukaa dukani, hata liwe limeandikwa neno asilia mara kumi. Mkaguzi wa halmashauri anayepita mbele ya duka hilo kila asubuhi akienda kazini hahitaji semina ili alione. Na Bwana Mifugo anayepokea kamisheni ya kuuza bidhaa anayoishauri amejiweka mahali ambapo ushauri wake hauwezi tena kuaminiwa. Jambo hilo ni la nidhamu ya kazi na lishughulikiwe hivyo.

Kwa upande wa walimu, kazi iliyopo ni ya aina nyingine, na huenda ikazaa matunda mapema zaidi. Mwalimu ana saa ya mkononi, ana daftari na anajua maana ya jaribio. Ng'ombe aliyetulia huvuta pumzi kwa kawaida mara 26 hadi 50 kwa dakika. Ubavu ukihesabiwa saa nane mchana na pumzi zikazidi 60, mnyama anateswa na joto, na hakuna haja ya kifaa cha kununua ili kulijua hilo. Anayetaka kujua kama kopo lina faida alipime kwa lita. Ikiwa bei ya kopo la mwezi ni sawa na bei ya lita 40 za maziwa, basi kopo hilo lazima lilete zaidi ya lita moja na theluthi kila siku ndipo mwenye ng'ombe aanze kupata. Mwenye ng'ombe wawili anaweza kumpa mmoja kwa wiki mbili na kumnyima mwenzake, kisha akawabadilishia, akiandika maziwa ya kila mkamuo na joto la kila mchana. Bila kubadilishana huko mtu hudanganyika kwa urahisi, kwa sababu mvua moja ikinyesha katikati ya jaribio maziwa hupanda na sifa zote hupewa kopo.

Shule zenye mashamba na mifugo, urithi wa Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, zina nafasi ya kulifanya jaribio hilo kuwa somo la sayansi na la hesabu kwa pamoja. Mlonge, mlusina na gilirisidia huota kwa mbegu, na gilirisidia na mlonge huota hata kwa vipande vya matawi vinavyochomekwa ardhini kando ya uzio. Mstari wa miti hiyo upande wa magharibi wa banda hutoa kivuli saa zile jua la alasiri linapochoma, na majani yake hulishwa. Mkoani Shinyanga, kuanzia mwaka 1986, mpango wa hifadhi ya ardhi ulipofufua ngitili za Wasukuma, maeneo ya malisho yanayohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi, wananchi waliona kwamba mti unaoachwa usimame huwafaa ng'ombe mara mbili, kwa kivuli na kwa malisho. Uzio wa shule hauhitaji mpango mkubwa kama ule. Unahitaji kilo chache za mbegu kutoka ofisi ya mifugo ya wilaya, na mwalimu wa zamu atakayewazuia mbuzi wa jirani kwa miezi ya mwanzo.

Miche hiyo ikipandwa masika yanapoanza, huwa tayari kukatwa kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mmoja hivi. Halmashauri zinazotaka majani hayo yawepo katika kiangazi cha mwakani zinapaswa kuagiza mbegu sasa, kabla mafungu ya mwaka huu wa fedha hayajafungwa.